Baba Yako Amekuja Tena

Dundori, 3 Juni 2024

Lynn mwanangu,

Bwana asifiwe. Uko aje huko Kamere, na kifua kimepoa? Huku mvua imezidi, viazi vinataka kuoza shambani.

Nimeandika kwa sababu haya sitaki kuyasema kwa simu, kwa sauti, ndani ya nyumba. Majibu ya skani yamerudi. Jiwe limejaa figo ya kushoto, lina matawi kama tangawizi. Ya kulia ilishakufa zamani na sikujua. Daktari Makokha anasema kuna njia mbili za kulitoa, nichague. Sikushika vizuri.

Halafu kuna hili. Baba yako anakuja. Jioni nikimaliza kukama namwona amesimama kwa fensi, vile alivyokuwa kabla figo hazijamfurisha mwili. Haongei. Ananiangalia tu huu upande wa kushoto.

Mama yako

Kamere, 9 Juni

Mami mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kimepoa. Wewe unakula? Homa haijakushika?

Nilimpigia daktari. Njia ya kwanza, wanatoboa tundu dogo mgongoni, wanapitisha bomba mpaka kwa figo, wanavunja jiwe na kutoa vipande. Mara nyingi linaisha mara moja, lakini damu inaweza kumwagika sana. Ya pili hawakukati: wanapitisha kamera nyembamba kwa njia ya mkojo, wanalipiga leza mpaka liwe vumbi. Damu ni kidogo. Shida ni kwamba kwa jiwe kubwa hivyo utarudishwa thieta, chumba cha upasuaji, tena na tena, na vipande vinaweza kubaki. Yeye anapendelea tundu. Mimi naogopa damu, Mami. Figo umebaki na moja tu. Tuchukue leza.

Na huyo wa fensi usimsemeshe. Baba tulimzika, mimi mwenyewe nilirusha udongo.

Binti yako, Lynn

Dundori, 14 Juni

Lynn,

Hujambo? Mimi si mbaya, ni baridi tu inanitetemesha hata nikiwa karibu na jiko.

Nilimsemesha. Nilimuuliza, "Kihara, nichague gani?" Sasa anasimama mlangoni. Akasema, "Usichague yoyote. Njoo, huku hakuumi." Sauti ni yake kabisa. Akaninyooshea mkono, na mwanangu, ulikuwa na joto.

Nimewaambia hospitali siendi. Usinikasirikie.

Mama

Kamere, 2 Julai

Mami,

Unaendeleaje? Sista wa wodi ameahidi kukusomea hii ukiamka.

Barua yako ilinitia hofu nikampigia jirani yako Naftaly. Alikukuta umekaa mlangoni, unawaka homa, umenyoosha mkono kwa mtu ambaye hakuwepo, akakukimbiza hospitali. Jiwe lilikuwa limeziba mkojo, figo ikajaa usaha. Ndiyo maana wakakuwekea mrija mgongoni uutoe kwanza. Daktari aliniambia homa kama hiyo humwonyesha mtu vitu, na nikaamini. Lakini siku nilipokuja, homa ilikuwa imeshaisha. Nilivuta kile kiti cha kando ya kitanda, ukaniambia, "Usikae hapo, pamekaliwa."

Usaha umeisha. Daktari hataki kipande chochote kibaki ndani, anataka kupita mgongoni. Sasa mimi pia naona hivyo. Lakini wa kusema ni wewe. Mami, tafadhali, kubali.

Lynn wako

Dundori, 28 Julai

Lynn mwanangu,

Bwana asifiwe sana. Habari ya kazi? Mimi natembea hadi zizini na kurudi. Niliongezwa damu, lakini jiwe limetoka lote na figo inafanya kazi.

Asubuhi ile ya thieta alikuwa kwa kiti. Nikamwambia, "Kihara, mimi naenda na hawa." Akainuka, akanipisha.

Tangu nirudi nimekuwa nikikaa nje jioni. Haji. Nilidhani nitashukuru, kumbe nalia kama siku ya mazishi.

Jana Naftaly alileta maziwa. Unajua alihamia hapa mwaka jana, hakuwahi kumwona baba yako. Akaniambia, "Mama Lynn, kuna mzee nilikutana naye hapo chini, ameuliza kama umepona. Nikamwambia umepona kabisa."

"Akasema nini?"

"Alishukuru. Halafu akaniomba nisikwambie amepita."

Mama yako