Kamba ya Baba na Mashine za Kimeli

Boito, 1 Agosti 1999

Mpendwa ndugu yangu Kimeli,

Chamgei. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, kwa neema ya Bwana. Sisi huku tunapumua. Mvua inanyesha kila alasiri, na chai imefurika hadi naona haya kuiangalia, kwa sababu sina mikono ya kuichuma.

Baba hajainuka tangu ule ugonjwa wa Juni. Upande wa kulia umelala kabisa. Maneno yake ni machache sasa, na mengi ni jina lako. Anasema hatakwenda kabla hajakubariki. Nilimwambia, "Baba, mbariki tu hapo ulipolala, Mungu atafikisha Nairobi." Alinitazama kana kwamba mimi ni mtoto asiye na akili. Unajua ilivyo kwetu, mzee anachukua mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kinywani na kukunyunyizia kifuani. Hiyo haitumwi. Kibuyu chake nimeshakisugua na mkaa wa mti wa senetwet, kinakungoja.

Nimemfungia kamba kwenye mkono ulio mzima. Inapita dirishani hadi jikoni, na huko mwisho nimening'iniza kengele ya yule ng'ombe wetu mzee. Akivuta mara moja, anataka maji. Mbili, nimgeuze. Tatu, nije mbio. Kwa hivyo siwezi kutoka jikoni. Jumapili nyimbo za kanisa zinashuka kutoka kule juu, na mimi naimba na sufuria.

Njoo. Nairobi si ng'ambo.

Dada yako,
Tecla

Nairobi, 22 Agosti 1999

Dada mpendwa Tecla,

Nakusalimu sana, wewe na Baba. Afya ninayo, usingizi ndio sina.

Nimekuwa nikikuambia "kazi ni nyingi" na kuishia hapo. Wacha leo nikueleze. Watu wanaogopa kwamba mwaka 2000 ukiingia, kompyuta zitadhani ni 1900 na kuharibu kila hesabu. Wanatuletea programu zao tuzijaribu. Hatuwezi kuchezea tarehe ya kompyuta yenyewe, kwa hivyo ndani yake tunatengeneza kompyuta nyingine, zisizo na chuma wala waya, ambazo zinaamini Januari imeshafika. Zikiharibika tunazifuta na hakuna aliyeumia. Programu inayoziwasha na kuzizima tunaiita meneja.

Shida ni kwamba meneja anazijua tu zile zilizo ndani ya kompyuta aliyoikalia. Tuna nyingine Kisumu na Mombasa. Ya huko ikikwama, mwenzangu Zack anapanda basi, na mimi nabaki kulinda chumba. Hakina dirisha. Nalala chini ya meza, sijui kama nje kuna jua.

Sasa namfundisha meneja kufika mbali. Kuna njia inaitwa SSH. Kompyuta moja inabisha hodi kwa nyingine kupitia simu, inaonyesha ufunguo wake, inafunguliwa, na wa njiani hawezi kusikia wanachosema. Kwa kweli ni kamba yako hiyo hiyo, Dada. Bwana Orina, mwenye kampuni, amesema, "Siku itakapofanya kazi, nenda kwenu ukanywe maziwa."

Mwambie Baba anivumilie.

Ndugu yako,
Kimeli

Boito, 19 Septemba 1999

Kimeli wangu,

Bwana asifiwe. Uko mzima? Unakula? Baba bado yuko, anakula uji na kulalamika, na hiyo ni dalili nzuri.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Aliuliza hizo kompyuta zisizo na chuma zinakula nini. Nikasema, zinakula Kimeli. Alicheka na ule upande mmoja.

Umenipa akili. Nimeongeza kamba. Sasa inatoka jikoni, inafuata ua, inashuka hadi katikati ya chai. Siku ya kwanza nilijaza kikapu hadi juu nikamshukuru Mungu kwa sauti. Siku ya pili kengele ikalia mara tatu, nikapanda mbio huku viatu vimebaki matopeni, kumbe ni ndama amejikuna kwenye kamba. Jirani yangu Drusilla alicheka hadi akakaa chini. "Tecla," akasema, "sasa wewe ndiye ndama. Umeongezewa kamba tu."

Nilikasirika, lakini jioni nikaona amesema kweli. Zamani nikiwa kwa chai niliwaza mambo yangu. Sasa hata huko nasikiliza kengele. Nikwambie neno ambalo sijamwambia hata mchungaji? Kuna siku naichukia ile kengele, halafu naomba msamaha kabla haijalia tena.

Dada yako,
Tecla

Nairobi, 24 Oktoba 1999

Dada mpendwa,

Salamu za furaha. Habari za Baba? Mimi leo ni mzima kuliko mwaka wote.

Imefanya kazi. Jumatano nilikaa hapa, nikamwambia meneja azime mashine ya Kisumu na kuiwasha tena, na ikawaka. Zack alikuwa huko mbele yake. Akapiga simu, "Imejiwasha kama pepo." Tulipiga kelele kama watoto.

Kisha Orina akafikiri siku moja, akamwachisha Zack kazi. Alisema kama meneja anafika popote, mtu wa kupanda basi ni wa nini. Sasa mashine zote, za miji yote, ni zangu peke yangu. Sikuwazia hivyo.

Lakini ahadi ni ahadi. Nitafika Jumamosi tarehe sita Novemba, na kompyuta ya kubeba. Dorcus wa pale Litein, mwenye ofisi ya kupiga chapa, atanikopesha laini yake ya simu. Nitaziangalia mashine mara moja, kisha napanda Boito.

Ndugu yako,
Kimeli

Boito, 9 Novemba 1999

Kimeli,

Natumaini u mzima.

Jumamosi nilimwogesha Baba. Nilimvalisha koti la harusi yake. Mimi na Drusilla tulimbeba hadi kwenye kiti cha mlangoni, na kibuyu tukakiweka miguuni pake. Alikaa hapo hadi ng'ombe wakarudi.

Jumatatu Drusilla alitoka sokoni Litein akaniuliza, "Kwani Kimeli alikaa siku moja tu? Dorcus alimwona Jumamosi akipanda gari la Nairobi."

Sijamwambia Baba. Niambie mimi.

Tecla

Nairobi, 14 Novemba 1999

Dada Tecla,

Sina uso wa kukuuliza habari.

Ni kweli, nilifika Litein. Kwa Dorcus nikaunganisha simu, nikaingia kwenye mashine ya Nairobi, na kupitia hiyo nikafika Kisumu. Ya Kisumu ilikuwa imekwama. Nikaandika izimwe iwashwe tena. Lakini mawazo yangu yalishafika nyumbani, na amri niliituma kwa ile ya Nairobi, ile niliyokuwa nimesimama ndani yake. Ikazima. Laini ikakatika. Haikuwaka tena, kwa sababu ikiwaka inangoja mtu abonyeze kitufe, na mtu hakuwepo. Zack hayuko. Ufunguo wa chumba ulikuwa mfukoni mwangu.

Ndani yake kuna majaribio ya programu ya hospitali moja inayogawa dawa kwa hesabu za programu hiyo. Nilisimama barabarani nikitazama kilima chetu, Dada. Kisha nikapanda gari.

Orina amesema hakuna kutoka tena hadi Januari.

Ndugu yako,
Kimeli

Boito, 5 Desemba 1999

Ndugu yangu Kimeli,

Chamgei. Nakuandikia nikiwa na afya, na hasira nimeiacha kwa Bwana.

Nilimwambia Baba ukweli wote. Alisikiliza hadi mwisho. Lakini tangu siku hiyo havuti kamba. Mkono una nguvu, nimeupima, ananifinya vizuri. Hataki tu. Namkuta na kiu na hajaniita.

Ungedhani nimefunguliwa. Drusilla aliniambia, "Haya, nenda kanisani, kengele imenyamaza." Nilienda nikafika mlangoni, nikarudi. Nilipokuwa naitwa nilijua yuko hai. Sasa kila wakati lazima nikamwangalie.

Sikuandikii ili ulie. Nakuandikia kwa sababu hakuna mwingine anayejua kukaa namna hii.

Dada yako,
Tecla

Nairobi, 17 Desemba 1999

Dada mpendwa,

Uko salama? Baba je?

Barua yako nilikaa nayo chini ya meza. Asubuhi nilimwambia Orina amrudishe Zack. Alicheka. "Na wewe utaenda wapi, Desemba hii?"

Nimemwita Zack mwenyewe. Siku tatu tumekaa pamoja, nikamwonyesha kila kitu. Majaribio ya hospitali tumeyamaliza, yako sawa. Kwenye kila mashine nimeweka ufunguo wa Zack. Kisha nikaanza kuondoa wangu, Mombasa kwanza, Kisumu, na mwisho ile ya Nairobi niliyokuwa nimesimama ndani yake. Laini ikakatika. Nilijaribu kubisha hodi, ikanikataa. Safari hii sikuwa nimekosea.

Ufunguo wa chumba nimempa Zack mkononi. Orina atakasirika, na kazi nyingine sina. Mwambie Baba kibuyu kisimwagwe.

Ndugu yako,
Kimeli

Boito, 21 Desemba 1999

Kimeli,

Barua yako Drusilla ameniletea huku kwenye chai sasa hivi, naandika nyuma ya bahasha yake juu ya goti. Baba nimemwacha amelala, uso ukutani. Sijui hii itakukuta Nairobi au wapi. Sikulaumu kwa kazi. Ila fanya haraka, kwa maana jana hata uji alikata—

Kengele. Drusilla ameshika mkono wangu. Inalia mara tatu, nne, haiachi, na hatukuwahi kupatana juu ya nne. Hakuna ndama kwenye kamba, namwona amefungwa. Naona mlango wetu uko wazi, na begi liko chini hapo mlangoni ambalo si la hapa. Kimeli, ume—