Kwa Mtasema wa Pito, Mbwa Ambaye Hakuwa na Kichaa

Mwaka umetimia, Mtasema, tangu utoke nyumbani kwetu Pito asubuhi ukiwa mzima, mkia juu, ukarudishwa juu ya toroli.

Tunaandika haya kwa sababu Bibi Cornelia ametaka. Walimwambia kumbukumbu za gazetini ni za watu. Akajibu, "Na yeye ana jina. Limechafuliwa, nataka lisafishwe pale pale watu wanaposoma." Anayemjua Bibi anajua kwamba mjadala uliishia hapo.

Jina alikupa mumewe, Mzee Flavian, siku zile majirani walipopiga domo kwamba amezeeka vibaya, eti anamchemshia mbwa vichwa vya samaki aina ya migebuka. Aliwajibu kwa jina hilo. Kila jioni alisimama uani akakuita kwa sauti, wote wasikie. Bibi alijidai kukereka, lakini ndiye aliyekubakizia ukoko wa ugali wa ulezi, tena na mchuzi juu yake.

Kazi yako uliijua. Ulezi ukianikwa, kuku wa jirani hakusogea. Ng'ombe wakilima, ulitangulia mbele kana kwamba wewe ndiye uliyeshika jembe. Na Mzee akirudi kutoka mjini, ulilijua lile koti lake refu la sufu tangu likiwa kule kwenye mikaratusi. Hukubweka, ulikwenda kulipokea.

Mzee akafariki. Ukalala mlangoni pa chumba chake, na Bibi akawa anakuruka akiingia, anakuruka akitoka. Hakukufukuza hata mara moja. Ninyi wawili ndio mliokuwa bado mnamsubiri.

Siku ya kuanua matanga akaja Isdori wa Milanzi, mtani wetu. Kazi ya mtani msibani inajulikana: awachekeshe wafiwa. Isdori akaingia chumbani, akavaa koti la Mzee, akashika fimbo yake, akatoka uani akichechemea na kukohoa vile vile kama Mzee. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hata Bibi alianza kutabasamu. Hakuna aliyefikiri kwamba wewe hukuambiwa kuwa ni utani.

Ulimkimbilia kwa furaha, Bibi aliona kwa macho yake. Ukanusa koti. Kisha ukanusa mkono uliotoka kwenye koti, na mkono haukuwa wa Mzee. Ndipo ulipomng'ata Isdori shavu la mguu.

Mtu akapaza sauti kuwa una kichaa, na neno hilo likapanda bodaboda. Isdori hajamaliza kuoshwa kidonda kwa sabuni, lenyewe limeshafika Katandala. Vijana wakaja na marungu. Bibi akasimama mbele ya banda lako, kitenge cha msiba bado kichwani.

"Bibi, sisi tunakulinda wewe," mmoja wao akasema.

"Nilindeni kwa kurudi makwenu. Huyu anamsubiri bwana mifugo."

Bwana mifugo alikuja, akahakikisha kwamba ulichanjwa, akaagiza ufungwe na kuangaliwa, na Isdori aendelee na sindano zake hospitali. Ulikula vizuri. Ulikunywa maji, ukamlamba Bibi mkono. Siku za uangalizi zilipokwisha, bwana mifugo alikufungua kamba mwenyewe.

"Huyu ni mzima," akasema. "Tangazeni, watu watulie."

Fabiani, mtoto mkubwa wa Bibi, akapanga kutangaza Jumapili baada ya misa. Wewe hukuisubiri Jumapili. Isdori alikuwa ameondoka na koti, maana kwetu mtani akishavaa cha marehemu kimekuwa chake. Nawe ukashika njia ya Milanzi kulifuata. Huko njiani watu wakamwona yule mbwa wa Pito mwenye kichaa, wakaokota mawe.

Hatuwataji, wanajijua. Waliwaogopea watoto wao, na hilo tunalielewa. Lakini walikosea, na leo tunawaambia hivyo bila kumumunya maneno.

Isdori ndiye aliyekuleta, anasukuma toroli, koti mwilini, safari hii akichechemea kweli. Wapo waliosema mbwa hutupwa, hazikwi. Bibi alichukua jembe akaenda kuonyesha mahali penyewe, ukingoni mwa shamba la ulezi, pale Mzee alipokuwa akipumzisha ng'ombe.

Shimo lilipokuwa tayari, Isdori akamwendea.

"Mama Fabiani, huyu naye ni marehemu. Niruhusu nifanye kazi yangu."

"Ifanye."

Akapiga magoti kwenye udongo, mtu mzima yule, akaenda kwa mikono na miguu mpaka mbele ya Bibi. Akaunusa mkono wake mwenyewe kwa mashaka makubwa. Akaunusa tena. Kisha akajing'ata.

Bibi akacheka. Alicheka kwa sauti huku machozi yakimtiririka, na tangu amzike mumewe hatukuwa tumemsikia akicheka. Tulisimama tu pale tukamsikiliza.

Alipotulia, Isdori alivua koti akakufunika nalo. Ni koti zuri, na baridi ya Pito tunaijua, lakini Bibi hakumzuia. "Mwache nalo," alisema. "Ndilo alilokuwa analifuata."

Wanaokukumbuka ni Bibi Cornelia. Fabiani na mkewe Luciana. Wajukuu wote waliokupanda mgongoni ukavumilia. Na Isdori wa Milanzi, uliyemng'ata, ambaye mwaka mzima umepita naye ni mzima wa afya, anakula, anatania na anazidi kunenepa. Anayesema ulikuwa na kichaa aende Milanzi akamtazame.

Hatutakusahau, Mtasema. Jioni ya leo Bibi atasimama uani, akuite kwa sauti, wote wasikie.