Boti ya Shemeji

Kirra, shosti, acha unachofanya. Natoka kwa shemeji Darcy kuchoma nyama.

Lile jitu limeona soseji zangu za bei rahisi, likapaza sauti mbele ya wageni: "Shemeji, mnalipia nyumba au mnajenga ikulu?" Wakacheka. Brodie, mume wangu wa ndoa, naye akacheka!

Miaka miwili tunailipa benki zaidi ya inavyodai, nawanyoa watoto kwa mkasi wa jikoni, leo nionee haya soseji?

Halafu akanionyesha boti yake mpya. BOTI. Nikaisifu, mjinga mimi. Akasema, "Mshukuru mumeo, ndiye kanikopesha."

Kwa pesa ipi? Brodie akaangalia viatu vyake. "Ile ziada tuliyolipa kwenye mkopo wa nyumba, benki inaruhusu kuichota. Si ilikuwa imekaa bure tu?"

Imekaa bure! Imekaa bure, Kirra!

Sikugombana. Nikaomba funguo, nikasema gari letu limeziba njia. Watoto wakapanda, nikalifunga tela la boti nyuma, huyoo.

Sasa boti iko uani kwangu. Brodie atarudi kwa miguu. Darcy nimemwachia soseji.