Mwambie Mama Asikohoe

Bondeni,
Nakuru.
Jumatano, 2 Novemba 2022

Mpendwa ndugu yangu Kiplimo,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Natalie na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya huko haijawazidi nguvu. Sisi hapa ni wazima. Mvua ilikuja kwa uchoyo, lakini mahindi ya shambani kwa Mama, Kabazi, yamebeba kiasi, na Mama anapumua vizuri. Nimeanza na salamu kwa sababu tulilelewa hivyo. Usidhani sina hasira. Ninayo, na karatasi nimenunua ya kutosha.

Unajua kwa nini nakuandikia kwa kalamu. Jumapili uliniondoa katika kundi la familia la WhatsApp mbele ya binamu thelathini na mmoja, halafu ukaizuia namba yangu. Bahati nzuri Harpreet, binti ya Mzee Gurdial wa duka la vipuri, anarudi chuoni huko kwenu Ijumaa, na ameahidi kukupa barua hii mkono kwa mkono. Karatasi haina mahali pa kubonyeza ili dada mtu anyamaze.

Kwanza habari za Mama, ambazo umeuliza kila mtu isipokuwa mimi niliyelala sakafuni kando ya kitanda chake. Alipimwa Covid tarehe 8 Oktoba, akalazwa siku sita, siku nne kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Sasa anakula. Juzi alilalamika kwamba chai yangu haina majani ya kutosha, nikajua ulimi umerudi. Kikohozi kimebaki kidogo, hasa asubuhi na akipanda mahali penye mwinuko. Daktari anasema haambukizi mtu tena. Hata hivyo alipopimwa wiki jana, kipimo bado kilionyesha masalia ya virusi, na yanaweza kukaa mwilini wiki nyingi.

Sasa tuje kwa hiyo meli yenu ya kitalii, mnayotaka Mama aipande Mombasa asafiri nanyi.

Nimesoma kanuni zake zote, kurasa kumi na moja, kazi ambayo wewe uliyekata tiketi hukuifanya. Zinasema msafiri aliyeugua Covid katika siku tisini zilizopita aje na barua ya daktari inayotaja siku aliyopimwa na siku aliyopona. Akiwa nayo, hapimwi. Asiyekuwa nayo anaonyesha cheti kwamba hana virusi; akikikosa, au akikohoa kwenye ukaguzi, anapimwa bandarini Mombasa, na kipimo kikionyesha hata masalia, anabaki nchi kavu. Ni kanuni rahisi. Mama aliugua, Mama akapona, Mama apewe barua. Tatizo ni kwamba kwa mujibu wa hospitali Mama hakuugua. Niliyeugua ni mimi.

Hili ulilitangaza kwenye kundi kwa furaha kubwa, kwa hivyo acha nilieleze vizuri, maana ulilieleza vibaya. Usiku ule Mama alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Bima yangu ya kazini inanihudumia mimi na watoto wangu, mzazi hayumo. Msichana wa mapokezi aliniomba kadi, nikampa yangu. Aliitazama kadi, akamtazama Mama, akanitazama mimi, akamwambia Mama, "Haya, mathe, ketini hapo." Hivyo ndivyo Mama alivyolazwa kwa jina la Jepleting, mwalimu, umri miaka hamsini na miwili.

Uliandika: "Mwalimu wa maadili ameiibia hospitali." Uliweka na vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Ukakumbusha watu kwamba mwaka wa 2019 niliandika kijitabu kizima dhidi ya walimu wenye vyeti bandia, nikataka wafukuzwe bila kusikilizwa. Ni kweli. Kila neno ni kweli, na nitakuongezea ambalo hukulijua. Siku ya tatu daktari wa zamu alisimama mlangoni, akasoma faili, akasema mgonjwa wa miaka hamsini na miwili hana haja ya kukaa zaidi, aende nyumbani. Mama ana miaka sabini na sita. Niliwaza kadi, Kiplimo. Nilikaa kimya dakika nzima nikiwaza kadi, ndipo nikamwomba ampime oksijeni tena. Alipoona namba, alirudisha kalamu mfukoni na Mama akabaki. Kwa hiyo ukitaka kunihukumu, anzia hapo. Hapo ndipo penye kosa. Lakini usinihukumu ukiwa umeketi mahali ambapo hukusikia akipumua.

Na wewe je? Ulipojua hakuna karatasi yenye jina lake, ulipendekeza nini? Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tano, nikitumaini kwamba niliusikia vibaya. Ulisema umeshajaza fomu ya afya mtandaoni kwamba Mama hajaugua Covid kamwe. Ulisema nimtafute mtu wa kuniandikia cheti kwamba amepimwa na hana virusi, kwa sababu, maneno yako haya, "Nakuru si kila kitu hupatikana?" Kisha ukamaliza: "Na mwambie Mama asikohoe pale kwenye ukaguzi."

Kwa miaka tisa hujakanyaga Nakuru. Mara ya mwisho ulikuja tukamzika Baba, ukakaa siku tatu, ukaondoka kabla majivu ya jiko la matanga hayajapoa. Barabara zetu umezisahau, kaburi la baba yako hujui kama lina saruji au nyasi, lakini umekumbuka kwamba huku vyeti hununuliwa! Hicho ndicho ulichobeba kutoka nyumbani? Wewe unayewaambia watoto wako kwamba uliondoka kwa kuchoshwa na rushwa?

Najua hoja yako: kanuni za wazungu, kwa nini tuziheshimu. Usinifundishe historia, ndiyo ninayolishia watoto. Babu yetu aliwekewa karantini ya ng'ombe na serikali ya mkoloni. Ng'ombe wake walifungiwa, wa jirani mzungu wakapita kwenda sokoni wakitikisa mikia. Kanuni ile ilikuwa kiboko kilichovalishwa koti la daktari, na babu alifanya vyema kuwavusha ng'ombe wake gizani. Mwaka jana tu nchi tajiri zilikuwa zimerundika chanjo kama mtu anayeficha mahindi wakati wa njaa, na leo watu walewale wanamdai bibi wa Kabazi karatasi. Hayo nimeyaandika magazetini na nitayaandika tena. Lakini katika meli hiyo kuna wazee wengine, wenye mapafu mabovu kuliko ya Mama, na hakuna aliyewaambia kwamba ndugu yangu ameamua kuwajazia fomu ya uongo. Tofauti ya kumvusha ng'ombe wako na kumdanganya mgonjwa mwenzako hata mtoto wa darasa la nne anaiona.

Nisingeandika haya yote kama si jambo nililolikuta Jumamosi.

Nilifika Kabazi saa nne asubuhi. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule, amevaa lile koti la kanisani, mikono imebana kibeti kifuani, peremende shavuni, macho yamemtoka. Nilidhani kifua kimerudi.

"Mama, ni nini?"

Alinyanyua kidole nisubiri. Kisha kikohozi kikamshinda, akainama, akakohoa mpaka akashika meza.

"Umeniharibia," akasema. "Nilikuwa nimefika arobaini na nane."

"Arobaini na nane nini?"

"Nahesabu. Kiplimo amesema pale kwenye ukaguzi ni dakika moja tu. Nikifika sitini bila kukohoa, nimepita. Jana nilifika hamsini na tano."

"Na Zeddy anakuona ukifanya hivi?" Zeddy, kama hukumbuki, ndiye jirani anayemkamulia ng'ombe.

"Yeye ndiye anashika saa," akasema Mama. "Na wewe usiniangalie hivyo. Mtoto wangu ameniita."

Kiplimo, mama yako amezaa sita na kuzika wawili. Alilima ekari tatu kwa jembe la mkono ili wewe usome. Na uzeeni umemfundisha kubana pumzi kama mwizi aliye chini ya kitanda, ili apate ruhusa ya kukuona.

Jumatatu nilirudi hospitali ile. Nilimwomba daktari Kipketer, yule aliyemruhusu Mama kutoka siku ya sita, anipe dakika kumi. Alifunga mlango.

"Mwalimu, mambo ya Oktoba unayafukua ya nini? Si mgonjwa alipona?"

"Aliyepona si mimi."

"Najua. Sote tulijua. Mathe mwenye meno yale hawezi kuwa na miaka hamsini na miwili."

"Basi mbona hamkusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Nikaketi bila kukaribishwa. Akanionea huruma, akavuta karatasi. "Sikiza, nikuandikie tu barua ingine kwa jina la mathe. Faili tuachane nayo. Nani atajua?"

Naapa nilitamani. Ilikuwa barua yenye ukweli wote ndani yake: alipimwa siku hiyo, alipona siku ile. Uongo ungebaki kwenye faili tu, umelala, haumsumbui mtu. Nikakumbuka daktari wa zamu pale mlangoni akisoma miaka hamsini na miwili. Mama akilazwa tena kesho, faili hiyo haimjui. Nikamwambia, "Hapana. Anzeni na faili."

Niliandika maelezo kwa mkono wangu, kurasa mbili, nikatia sahihi. Faili imerekebishwa. Barua ya kupona ipo, ina jina la Mama, umri wake, tarehe zote na muhuri. Kadi yangu imefungwa tangu jana. Tarehe 14 nitasimama mbele ya kamati ya nidhamu ya walimu, na nimeambiwa nijiandae kwa lolote. Usinitumie pole. Nimewaandikia wenzangu makali kuliko hayo, sasa ni zamu yangu kuyaonja.

Nilimweleza Mama jana. Akauliza, "Wakikufuta kazi?"

"Watakuwa wamenifuta."

"Na meli?"

"Meli utapanda, Mama. Bila kuhesabu."

Akatazama miguu yake. "Basi nitahitaji viatu vingine. Hivi vina tope la Kabazi."

Niliumia, sikufichi. Mimi ndiye ninayemkata kucha. Mimi ndiye ninayejua dawa ipi hunywewa na chakula na ipi bila. Na bado jina lako likitajwa, yeye husimama. Angeenda kukuona hata ungetia nanga jangwani. Tulipokuwa wadogo nililia kwa ajili ya jambo hilo, na nina miaka hamsini na miwili, na bado sijui nilipeleke wapi.

Nami nilikuwa nimejiandaa kumkataza. Nilikuwa na hoja tisa. Meli hiyo ni hoteli inayokimbia watu wanaoihudumia. Mtu mwenye mguu mzima anaweza kutoka bandarini Mombasa na kufika Kabazi siku hiyohiyo akitaka. Mwana hamwiti mzazi wake kwenye ngazi ya meli kama mpagazi. Hoja zote bado ni sahihi. Lakini Mama ameshaazima sanduku kwa Zeddy, na tangu atoke hospitali sijamwona akitaka kitu kingine chochote.

Kwa hiyo sikiliza, na usome pole pole. Meli inatia nanga Jumamosi tarehe 26. Nitamleta Mama mpaka lango la bandari, mkononi ana barua inayosema aliugua na akapona. Wewe huko umejaza fomu inayosema hakuugua kamwe. Karatasi hizo mbili zikikutana mezani kwa mkaguzi, Mama ndiye atakayerudishwa, tena kama mwongo, mbele ya watu, na viatu vyake vipya. Safari yake haimo tena mikononi mwangu wala mwa daktari. Imo katika fomu yako.

Irekebishe. Nimejaribu kupiga simu kwa kampuni hiyo. Wanasema anayeweza kuibadilisha ni aliyeijaza. Ukiibadilisha, nitamwacha langoni na kurudi zangu, na hutaniona wala kunisikia. Usipoibadilisha, nitamrudisha Kabazi, na njiani atauliza kwa nini. Nami sitamficha.

Shangazi Chepchirchir wa Salgaa anakusalimu. Bado anawapikia madereva wa malori, na anauliza kama huko melini kuna ugali au mnashindia majani. Kibii wa kaka yetu marehemu amefaulu mitihani, anasema asante kwa ile kalkuleta. Msalimie Natalie, ambaye sina ugomvi naye, na uwabusu watoto, uwaambie nyanya yao anakuja. Mungu awafungulie njia nyote, akulinde baharini, na akupe ujasiri ambao mimi niliukosa kwa siku ishirini na tatu. Langu nimelisema mbele ya watu nisiowajua na kulitilia sahihi. Lako ni la kubonyeza tu, ukiwa peke yako, na hakuna atakayekuona.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda pamoja na hasira zangu zote,

Jepleting