Wawili Ndani ya Sare Moja

Tarehe 3 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi nipo, ila mgongo unalalamika. Winchi imekufa, sasa zege tunalipandisha kwa mabega mpaka ghorofa ya juu. Paa likikamilika nyapara anahamishia kikosi mbali zaidi, kambi ya barabara. Anayetaka kwenda anaandikisha jina, asiyetaka anarudi kwao. Mimi nataka kurudi, mama. Nimechoka, sitakudanganya. Nilitegemea mshahara wako wa hospitali utushikilie mpaka nipate kibarua hapo nyumbani. Lakini redio inasema serikali inapunguza watu. Wamefika huko kwenu, chumba cha kufulia? Niandikie kila kitu, hata cha kijinga. Huku hatuna jipya, wenzangu wanasubiri niwasomee.

Mwanao, kitindamimba

Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanapiga kelele nikiinuka, nikikaa yananyamaza kama watoto waliopewa chakula. Ukande huo mgongo kwa maji ya moto, usijifanye mti.

Ulilosikia ni kweli. Mkubwa wa utawala alituita uani akasema serikali inafunga mkanda. Mama Chuma, yule mwenzangu anayekamua blanketi peke yake, akamuuliza, "Baba, mbona mkanda wenu na kiuno chetu?" Watu walicheka, yeye akatazama viatu vyake. Kwenye ufuaji anabaki mmoja, naye ni Mama Chuma, maana aliajiriwa kabla yangu. Mimi nimepewa asante.

Sasa sikia kioja. Jioni Mama Chuma akaja hapa amenuna. "Nikila peke yangu kitanikwama," akasema. "Wiki moja nenda wewe, wiki moja mimi. Mshahara tugawane." Nikamwambia ana wazimu. Akajibu, "Sare ni moja, kilemba ni kimoja. Nani humtazama mfuaji usoni?"

Tangu Jumatatu nafua kwa jina lake. Kwa hiyo usiandikishe jina huko. Nusu ni ndogo, lakini itatufikisha.

Mama yako

Tarehe 11 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na umsalimie Mama Chuma. Mgongo ulipata maji ya moto, ukataka na mafuta pia.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mama, Mama Chuma ana mwili wa watu wawili na wewe unapita kwenye ufa wa mlango. Hiyo sare mnaivaaje? Nani mwingine anajua? Ukiitwa jina lake unageuka, au unasimama kama nguzo? Fundi rangi hapa anasema mtakamatwa. Mpishi anasema wakubwa hawaoni kitu kilicho chini ya meza zao. Wamebishana mpaka ugali wa watu umeungua. Mimi bado sijaandikisha.

Mwanao, kitindamimba

Tarehe 30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, mikono tu imekunjamana kwa sabuni.

Sare naibana kwa pini mgongoni na kuvaa aproni juu. Mama Chuma akirudi kazini anachomoa pini, anasema nimempunguzia nguo kama serikali. Wauguzi wanajua, ila wanataka mashuka, si majina. Mkubwa wa utawala haji huku kabisa, mvuke unamfungia miwani. Mwanzoni nikiitwa nilikuwa nageuka kumtafuta mwenyewe. Sasa naitika kabla hawajamaliza kuita.

Wanasema watakuja watu wa kuhakiki watumishi, mmoja mmoja, jina na sura. Itaangukia wiki ya Mama Chuma. Mimi nitakuwa nyumbani napukuchua mahindi. Mwambie fundi rangi apunguze uchuro.

Mama yako

Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo. U mzima? Paa limebaki upande mmoja na nyapara ameanza kuandika majina. Namwambia naenda kujisaidia kila akifika kwangu. Sasa anadhani naumwa tumbo. Mbona kimya? Wahakiki walikuja? Hata kama ni baya, niambie. Kutojua kunanichosha kuliko zege.

Mwanao

Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwili hauumwi.

Walikuja. Ilikuwa wiki ya Mama Chuma kweli, lakini wodi zilijaa wagonjwa wa kuhara, mashuka yakawa mlima. Nikaenda kumsaidia. Wahakiki tuliambiwa ni kesho yake, wakaja siku hiyo. Mmoja akasimama mlangoni akaita jina la Mama Chuma. Nikaitika, "Nipo!" Mdomo ulishazoea, mwanangu. Na yeye, nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akaitika, "Nipo!"

Yule mtu akauliza, "Kwani mko wangapi?" Akatazama picha kwenye kitambulisho cha Mama Chuma, akamgeukia mwenyewe. "Huyu unamjua?"

Nilimwona anafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema, "Hanijui. Nimeingia mwenyewe kuomba sabuni." Angesema ananijua tungetoka wote. Walinisindikiza mpaka getini kama mwizi. Mama Chuma akarudi kwenye mashuka yake.

Kazi anayo. Nusu hajaleta, nami sijaitaka. Asubuhi akipita hapa mlangoni anapunguza mwendo, hasimami. Mimi najifanya nafagia.

Sikwambii uandikishe, sikwambii urudi. Ukirudi tutakula kilichopo, ila hakipo.

Mama yako

Tarehe 27 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia.

Nilikasirika. Wenzangu niliwaambia barua haijafika, mpaka mpishi akaniona naisoma nyuma ya mapipa, ikabidi niwasomee. Fundi rangi hakusema "niliwaambia". Alinigawia sigara yake.

Mama, ungemwacha aseme. Huenda angesema, "Huyu ni mwenzangu," mkafukuzwa wote, na mimi ningekwenda kambini vilevile. Huenda angekukana, tukamjua. Ulimfunga mdomo, na sasa hakuna anayejua lililokuwa ndani yake. Nadhani hata mwenyewe hajui, ndiyo maana hasimami.

Nimeandikisha jina. Lori linaondoka kesho. Wanasema huko kuna vumbi, lakini hakuna ghorofa. Nitakutumia cha kwanza nitakachopata.

Akipita asubuhi weka ufagio chini, umwite. Umuulize angejibu nini siku ile. Atakalosema uniandikie lote, usinipunguzie hata neno moja, maana na mimi nimelilipia.

Mwanao, kitindamimba