Tembe Zisizo na Majani

Kapsoya, Eldoret
Jumapili mchana

Kwako Mama,

Natumai Wabuge, anayekuletea barua hii, atakukuta mzima, na ule mguu wako umeacha kufura. Baba hajambo? Na yule ng'ombe mweusi, ameshazaa ama bado anatuchezea? Huku mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Baridi ipo, lakini ile sweta uliyonifumia inanitosha, ingawa Betty anasema nikiivaa nafanana na mwalimu mkuu.

Usishtuke kuletewa barua badala ya kupigiwa simu. Unajua vile Baba hupenda kuiweka simu sauti ya juu ili naye asikie, na ujumbe wako wote huusoma yeye kwanza. Hii nataka uisome peke yako, pale jikoni, na ukimaliza uitie motoni. Sitanii, Mama. Tangu Baba aniambie kwamba mwaka huu nitasimama makambini, pale kwenye mahema ya kanisa, kutoa ushuhuda mbele ya vijana, nimechanganyikiwa kabisa. Anataka niwaambie kwamba nakimbia na kushinda kwa mwili safi, mwili ambao haujawahi kuonja hata majani ya chai. Tayari amempa mchungaji jina langu. Mimi niliitikia tu, kwa sababu kumkatalia Baba kwa simu sijui kunaanzia wapi.

Sasa nisikilize.

Betty Mwihaki nimekutajia, yule wa Timboroa tunayekaa naye chumba kimoja. Kwao wanalima viazi. Ni msichana mzuri, hana neno, lakini kwa chai, Mama, ungemfungia maombi. Akiamka ni chai, akilala ni chai, na mchaichai wangu anauita nyasi za ng'ombe. Kuna kitu kilinishangaza siku ya kwanza tulipohamia hapa. Alifungua thermos yake, ile harufu ikanijia, na mara nikakumbuka nyumbani hadi machozi yakanilengalenga. Nikajiuliza, nyumbani hatunywi chai, sasa nakumbuka nini? Nikaliacha lipite.

Sisi wawili tunakimbia na kundi la kocha Kigen kila alfajiri, kisha yeye anaenda saluni na mimi naenda dukani kuuza mbegu na mbolea. Jioni ni vitabu vya uhasibu. Nilichoka, Mama. Siku moja nililala juu ya magunia ya mbolea mchana kweupe, mteja akaniamsha akiuliza kama nami nauzwa. Ndipo Betty akaja na kichupa cha tembe kutoka duka moja la vitu vya wanariadha. Akasema zinaupa mwili nguvu na kuamsha akili. Tulimuuliza Kigen, akasema hazijakatazwa, ila yeye dawa yake ni kulala mapema.

Mimi nikauliza lile swali ulilotufundisha kuuliza kila nyumba tunayokaribishwa. Nikauliza, haina majani? Betty alikichungulia kile kichupa, akakipindua, akaniambia, "Nekoye, hii si ni tembe tu! Majani yatatoka wapi?" Nikameza. Ndivyo mlivyotulea. Tuliambiwa tuulize majani, tuulize kahawa, tuulize nyama ya nguruwe. Hakuna aliyetuambia tuulize tembe.

Zile mbio za hapa mjini, ambazo nilimaliza wa pili na Baba akazitangaza kanisani, nilikimbia nikiwa nimeimeza. Sijui nikueleze vipi. Miguu ilikuwa yangu, lakini ile sauti ambayo huniambia nipumzike kidogo siku hiyo haikusema kitu. Betty naye alimeza tembe ileile, saa ileile, akamaliza palepale anapomaliza siku zote, akilalamika kuhusu kiatu. Kwangu ilifanya kazi na kwake haikufanya. Nilidhani labda ni maombi yenu.

Basi nikawa nameza kila siku. Siku ya mtihani nikaongeza, nikaona kama moja inasaidia miguu, mbili zitasaidia kichwa. Mama, macho yalikuwa wazi kama ya bundi, kalamu ikikimbia yenyewe, moyo unadunda mpaka mwenzangu wa dawati la kando akanitazama. Niliandika na kuandika. Nilipotoka nje ndipo nikagundua nilijibu swali la pili mara mbili, na la nne sikuligusa. Nikalia njia nzima. Halafu matokeo yakatoka, na nimepita. Sasa hapo niseme tembe zilinisaidia au ziliniharibia? Hata sielewi.

Baada ya hapo kichwa kikaanza kuniuma. Si kuuma kwa kawaida, ni kugonga nyuma ya macho, na uvivu, na hasira za bure. Nilimgombeza Betty kwa sababu ya kijiko. Tembe nilikuwa nikimeza kila asubuhi kama kawaida, kwa hivyo nikajua hii ni malaria. Siku zikapita, kikaacha chenyewe, na Jumapili nikaenda kwenye zile mbio za milima ya Timboroa. Nilimeza yangu kabla ya kuanza, mikono ikatetemeka kidogo kama ilivyozoea, moyo ukapanda, nikaondoka. Hizo ndizo nilizoshinda. Hizo ndizo zilizomfanya Baba aende kwa mchungaji.

Tukirudi, Betty akaona ninavyokisifu kile kichupa, akaweka mkono mdomoni. Akasema zile tembe ziliisha zamani. Alikuwa ametia mle vitamini alizopewa zahanati, kwa sababu karatasi yake ilipasuka, na akasahau kuniambia. Yaani nilishinda kwa vitamini za bure za zahanati! Na mikono yangu ilikuwa inatetemeka nini?

Nilikipeleka kile kichupa kwa dada mmoja anayeitwa Ayoo, anauza dawa hapa mtaani na hana haraka na mtu. Alicheka, kisha akanihurumia. Aliniambia kile kilichomo kwenye tembe zile za kwanza kinaitwa kafeini, na ndicho hichohicho kilichomo kwenye kahawa na majani ya chai. Nilimwomba arudie. Akarudia. Maisha yangu yote sijanywa kikombe kimoja, na hapa nimemeza vikombe kwa vikombe na maji safi.

Nikamuuliza kama inafanya kazi kweli. Akasema wengi huwasaidia, hasa kwenye mbio ndefu, lakini ni kidogo tu, si miujiza, na watu hawafanani. Kichwa kilichochoka hukiamsha, lakini hakiwezi kufundishwa na tembe kitu ambacho hakijasoma. Ukizidisha, unatetemeka na kukosa usingizi. Na wakati mwingine mtu akiamini amemeza, mwili unaitikia nusu ya safari. Nikamuuliza, sasa kati ya zile mbio mbili, ni zipi zilikuwa zangu mwenyewe? Akasema hilo halipo kwenye vitabu vya dawa, nimuulize kocha. Kigen naye akasema zote ni za mazoezi, niache maneno mengi na kesho nisichelewe. Kila mtu ana jibu isipokuwa mimi.

Lakini si hayo yaliyofanya nikuandikie. Nilimuuliza Ayoo pia juu ya kile kichwa. Akasema si malaria. Akasema mwili uliozoea kafeini kila siku ukiikosa ghafla, kichwa hugonga nyuma ya macho, mtu anakuwa mvivu na mwenye hasira, na akipata kikombe chake tu, baada ya muda mfupi anapona.

Mama, nilisimama pale dukani kwake nikamwona Baba.

Nilimwona makambini, kila mwaka, amejifunga leso yako kichwani, akisema ni jua la turubai. Nilimwona alipokuja kunitembelea hapa Kapsoya, nikampikia mchaichai asubuhi na jioni, akashinda ameshika kichwa na kuwagombeza hata majirani, akasema baridi ya Eldoret si ya binadamu, akafunga safari kabla ya siku yake. Ulinipigia jioni hiyohiyo ukaniambia amepona, amekunywa ile dawa yake ya kifua, ya mizizi. Ile unayomchemshia kila asubuhi tangu alipougua mwaka ule, nyeusi, yenye sukari, kwenye kikombe chake cha bati ambacho hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukiosha. Mimi nilichovya kidole mara moja, ukanichapa. Lakini harufu ile nilibaki nayo, na siku Betty alipofungua thermos yake ndiyo niliyoikumbuka.

Sikuulizi ni mizizi gani. Sijui kama Baba anajua, au anajua na hataki kujua. Sijui kama ulianza kwa kumhurumia, alipokuwa hawezi hata kuinuka kitandani, na baadaye ukashindwa kuacha kwa kuwa akiikosa anaumwa. Mimi niliyemeza bila kujua naogopa kumhukumu mtu. Nakupenda, na sasa nakuogopea pia.

Ninalojua ni kwamba siwezi kusimama mbele ya wale vijana na kusema yale maneno ya mwili safi. Nitakuja nyumbani kabla ya makambi nimweleze Baba habari za tembe zangu, zote, hata zile za mtihani. Za kwangu tu. Atakasirika, na pengine atasema nimemwaibisha mbele ya mchungaji, na nitanyamaza nimsikilize. Kikombe sitakitaja, si siku hiyo wala siku nyingine, mpaka wewe mwenyewe unifungulie mlango.

Nisalimie shangazi na watoto wake, na mwambie mama wa Wabuge asante kwa kunde zilizokaushwa, tulizila zote. Betty anakusalimu, na anaomba msamaha kwa jambo ambalo sikumruhusu kukuandikia. Mungu akulinde na mguu huo.

Jambo moja nakuomba, Mama. Siku nitakayofika, kabla sijafungua mdomo, mchemshie Baba dawa yake kwanza. Anywe mpaka amalize, ndipo nianze.

Ni mimi binti yako,
Nekoye