Eleazar Bado Anaitwa Chuoni

Mtaa wa Mesquite,
San Eligio, Texas.
19 Oktoba.

Mpendwa kaka Fidencio,

Hujambo? Baridi ya Chicago imeshaanza? Na lile goti lako, bado linakusumbua? Sisi miili ni mizima. Shemeji yako Ramiro amerudi kwenye kazi ya kuchuma machungwa.

Lakini tangu tumzike Eleazar mwezi wa saba, nyumba hii haina raha. Mlango wa nyuma ukilia, nageuka kumtazama anayeingia.

Unajua wanangu wote wawili walikuwa sekondari na huku wanahudhuria chuo, somo moja likihesabiwa kote kuwili. Kwa hiyo Eleazar aliandikishwa mahali pawili. Alipozama mferejini, habari ilifika upande mmoja tu. Shule ilimfuta jina, chuo hakikujua lolote.

Siku ya kwanza ya somo la historia ukumbi ulijaa, na mwalimu mgeni asiyemjua mtu akaita, "Cantú, Eleazar!" Binti yangu Nereida akajikuta ameitikia, "Yupo!" Ndivyo tunavyowaitikia marehemu wetu kanisani, wewe mwenyewe ulimwitikia baba hivyo. Mwalimu akaweka alama, akaendelea.

Basi akawa anaitikia kila kipindi. Kisha akaanza kumfanyia nduguye na kazi za kuandika. Za Eleazar zikapata alama nzuri, zake mwenyewe hazikumalizika. Na alama za chuo, kaka, humfuata mtu maisha yake yote. Siku nilipomkuta anaandika jina la marehemu juu ya karatasi, nywele zilinisimama.

"We mtoto, una wazimu? Watakufukuza!"

"Mama, kule bado yuko hai. Ukienda kuwaambia, utamuua."

Maneno hayo hayakuniacha nile wala nilale. Nilitamani nimwache tu, ili pawepo mahali duniani ambapo mwanangu bado anaitwa. Lakini nilikuwa nampoteza na wa pili.

Jumanne nilikwenda naye, nikaketi kando yake. Jina likaitwa. Nereida akanitazama. Nikasimama.

"Alifariki, mwalimu. Mimi ndiye mama yake."

Mwalimu akavua miwani, akaniomba radhi. Halafu akaita, "Cantú, Nereida." Hakuitikia. Akaita tena, polepole.

"Nipo," akasema, na hapo ndipo akalia, mara ya kwanza tangu mazishi.

Amepewa nafasi ya kumalizia kazi zake. Anaanza kula.

Nisalimie wifi Ofelia na Chuyito wangu, mwambie shangazi anamkumbuka. Mama Bikira awafunike kwa joho lake.

Jambo moja tu, kaka. Ukipiga simu Jumapili huwa unalikwepa jina lake, kwa kunihurumia. Usilikwepe. Liite kwa sauti. Tutakuwa mezani, na tutakuitikia sote.

Dada yako akupendaye daima,
Delfina